Mgahawa wangu wa Kiitaliano umenivunja moyo. Wao wamebadilika au mimi ndiye nimezoea?

#1 Mlasakijiko
Wakuu habari.
Kuna mgahawa wa Kiitaliano ninaokula kwa karibu miaka sita sasa. Jina silitaji, sijaja kumharibia mtu biashara. Nimefanyia pale birthdei mbili, nimepeleka wageni, nimempeleka hadi mama mkwe, mtu asiyesifia kitu, na akasifia. Nyumbani nikisema "twende kwangu" wanajua ni wapi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda wanne: mimi, mke wangu na marafiki wawili. Nafasi niliweka siku tatu kabla. Saa moja na nusu tupo mlangoni. Dada akasema subirini kidogo, meza inafutwa. Tukasimama dakika 20, na meza tatu tupu tunaziona kwa macho. Mwisho tukakalishwa jirani na mlango wa choo. Menyu zikaja mbili, watu wanne. Kijana aliyechukua oda hakuandika kitu, anatikisa kichwa tu.

Sasa sikilizeni. Piza ya rafiki yangu ikaja peke yake. Kwa heshima akatusubiri, ikapoa ikawa kama ubao. Mimi na rafiki wa pili tukaletewa baada ya robo saa. Risoto ya mke wangu, ule wali wa Kiitaliano, ikafika sisi wote tumeshaweka uma chini. Mimi niliagiza carbonara, tambi za mayai na jibini, nikaletewa tambi zinaogelea kwenye krimu. Kumwambia kijana, akanijibu "ndivyo ilivyo". Bili nikaiomba mara tatu. Ilipokuja ina chupa ya maji ambayo hatukunywa, na asilimia 10 ya huduma wameshajiwekea wenyewe. Huduma ipi?

Neno "samahani" sikulisikia usiku mzima. Na kilichoniuma kupita vyote, hakuna aliyenitambua. Miaka sita!

Wenye uzoefu nisaidieni: mgahawa unapatwa na nini hadi unageuka hivi? Na wewe ungerudi?

#2 Mpita Njia
Nimevuta kiti, nimekaa paleee. Mbali na choo.

#3 Mama Basil
Pole sana kaka. Hapo wala usisumbue kichwa, mgahawa umeuzwa. Mwenye mali mpya kabakiza bango na rangi za ukuta ili wateja msishtuke. Mimi dalili zake nazijua: menyu inarefuka ghafla, vitambaa vya meza vinaondoka zinakuja karatasi, wahudumu wa zamani wanapotea mmoja mmoja. Angalia menyu. Ikiwa ilikuwa ukurasa mmoja na sasa ni kitabu, usiulize zaidi.

#4 Jikoni Zamani
Nimefanya kazi migahawani miaka minane, mitano jikoni na mitatu ukumbini, mmoja kati yake ulikuwa wa Kiitaliano. Kabla ya kuuza mgahawa wa watu, tuangalie huo mpangilio wa sahani, maana unasema mengi.

Piza ina kona yake na mpishi wake. Ile ya mtindo wa Napoli inaingia kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 430 na kuiva ndani ya sekunde 60 hadi 90. Risoto, ukiianza kwenye mchele mkavu, inadai dakika 18 hivi za kukoroga na kuongeza supu kidogo kidogo. Tambi ziko katikati. Kwa hiyo meza yenye piza, tambi na risoto haiwezi kutoka pamoja kwa bahati. Lazima awepo mtu mmoja anayesimama dirishani pa kutolea chakula, kazi yake kupiga kelele tu: "Meza ya tisa, risoto imebaki dakika ngapi? Piza bado, usitupe!" Siku mtu huyo hayupo, kila kona inapika kivyake na kinachoiva kwanza kinatoka kwanza. Ndicho kilichowapata.

Yule kijana wa kutikisa kichwa hapo hana kosa. Kosa lake ni kutoandika na kutoomba radhi.

#5 Mlasakijiko
#4 asante, hii sikuwahi kuiwaza. Ila zamani risoto pale ilikuwa haizidi dakika 10 ipo mezani. Kwa nini zamani iliwezekana?

#6 Jikoni Zamani
#5 kwa sababu ilishapikwa nusu mchana. Migahawa mingi wanafanya hivyo na si dhambi. Unaipeleka risoto hadi kama theluthi mbili, unaimwaga kwenye sinia pana ipoe haraka, ikija oda unaimalizia na supu ya moto, siagi na jibini. Ukiona leo imechukua muda wote ule, ama maandalizi ya mchana hayakufanyika, ama yaliisha mapema. Vyote viwili maana yake ni kwamba watu jikoni ni wachache au oda zilizidi makadirio.

#7 Shahidi wa Takwimu
Mnachimba mbali. Jibu ni hesabu tu.
Mtu anauitaje mgahawa "wangu"? Alikwenda mara ya kwanza akakuta siku nzuri. Angekuta siku mbovu asingerudi, na leo asingekuwa na uzi. Kila kipenzi chetu tumekichagua katika siku yake bora, kwa hiyo njia iliyobaki mbele yake ni kuteremka hadi kwenye wastani. Wao ni walewale. Siku nzuri zilitangulia, siku mbaya imefika.

#8 Mpita Njia
#7 yaani jamaa kala miaka sita kwa bahati nasibu?

#9 Mama Basil
Hahaha. #7 hesabu yako ingekubalika kama angekula pale mara mbili. Miaka sita! Wastani wake ameshaujua huyo.

#10 Shahidi wa Takwimu
#9 hapo umenibana kidogo. Lakini muulizeni alikwenda mara ngapi kwa mwaka. Mara mbili kwa mwaka ni mara 12 tu, na hapo kuna birthdei, siku ambazo mtu tayari ana furaha na hahesabu dakika.

#11 Mlasakijiko
Mara nne tano kwa mwaka. Na dakika nazihesabu siku zote, muulizeni mke wangu.

#12 Tagliatelle
Salaam. Mimi nilisoma Bologna, Italia, miaka mitatu, kwa hiyo mniruhusu kuwatetea kidogo kwenye suala la bili. Italia mhudumu hakuletei bili mpaka uiombe. Kukuletea kabla ni sawa na kukuambia ondoka. Meza ni yako jioni yote, mtu anakula antipasto ya kufungulia, kisha primo ambayo ndiyo tambi au risoto, kisha secondo ya nyama au samaki, halafu kitamutamu, halafu kahawa. Pengine mgahawa wenu unafuata mila hiyo na nyinyi mmeona ni uzembe.

Na hiyo tozo mezani: kule ipo coperto, kiasi kidogo kwa kila kichwa kwa ajili ya kukaa, kitambaa na mkate. Inapaswa iandikwe kwenye menyu.

#13 Mlasakijiko
#12 nimeiomba MARA TATU. Mila gani hiyo ya kuombwa mara tatu?

#14 Tagliatelle
Mara tatu nimekubali, hiyo ni dharau ya kawaida, haina pasipoti.

#15 Msahihishaji
Nyongeza kwa #12. Coperto si Italia yote. Mkoa wa Lazio, ambako ndiko Roma iliko, uliipiga marufuku mwaka 2006, ingawa mkate bado unaweza kutozwa. Na coperto si malipo ya huduma. Hayo yana jina lake, servizio, na huhesabiwa kwa asilimia. Aliyotozwa mleta uzi ni hayo ya pili. Msichanganye.

#16 Meza ya Mtu Mmoja
Jamani mimi nina maelezo mengine ambayo hamtayapenda. Wahudumu wanapima watu mlangoni.

Nakula nje peke yangu mara nyingi kwa sababu ya kazi za safari. Mwanamke, peke yake, begi la kompyuta mgongoni. Meza ya choo ni YANGU. Kama choo hakipo, nguzo ni yangu. Niliwahi kukalishwa kwenye mgahawa wa Kiitaliano uliokuwa tupu kabisa, nikapelekwa kona ya nyuma kwenye kiyoyozi kinachodondosha maji. Nikaomba ya dirishani, nikaambiwa imewekewa nafasi. Nilikula saa nzima na nusu, hakuja mtu. Wiki iliyofuata nimekwenda palepale na bosi wangu, mzee wa suti. Tukapewa ya dirishani bila kuomba na kijana akatutajia hadi asili ya mafuta ya zeituni.

Sasa mleta uzi, zamani ulikuwa unakwenda umevaaje na nani? Jumamosi mlivaaje?

#17 Mlasakijiko
#16 pole sana dada, hiyo ya kiyoyozi imeniuma. Jumamosi tulitoka kwenye mechi. Jezi.

#18 Mpita Njia
Kesi imefungwa.

#19 Mama Basil
Haijafungwa. Jezi zinaeleza meza ya choo. Haziwezi kueleza krimu kwenye carbonara. Mpishi hakuiona jezi.

#20 Chumvi Kidogo
Naomba kuuliza bila kutukanwa, krimu kwenye carbonara ina ubaya gani? Mimi nyumbani naweka na watoto wanalamba sahani.

#21 Tagliatelle
Ee Mola.
Carbonara ni mayai, jibini la pecorino, guanciale ambayo ni nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, na pilipili manga. Utamu ule mzito unatoka kwenye mayai yanayoiva kwa joto la tambi zenyewe, nje ya moto, ukilainisha na maji kidogo ya kuchemshia. Krimu ni mkongojo wa mpishi anayeogopa mayai yake yasigande. Kule ukiagiza ya krimu, mpishi anatoka nje kukutazama. Hiki ni chakula cha karne na karne, huwezi kukigusa tu.

#22 Msahihishaji
#21 mapishi umeyasema vizuri, historia umeipoteza njia. Carbonara ni ya juzi. Jina lake linaonekana kwenye maandishi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mapishi yake ya kwanza kuchapishwa yanayojulikana yalitoka Chicago, Marekani, mwaka 1952. Ya kwanza ndani ya Italia yalichapishwa kwenye jarida la upishi mwaka 1954, na yalikuwa na kitunguu saumu na jibini la Gruyère, yaani jibini la Uswisi. Na Gualtiero Marchesi, mmoja wa wapishi wakubwa kabisa wa Italia, aliweka krimu kwenye ya kwake. Hiyo sheria ya "bila krimu" ni changa kuliko wazazi wa wengi wetu humu.

#23 Chumvi Kidogo
#22 nakununulia chakula mkuu. Cha krimu.

#24 Tagliatelle
Nimesalimu amri kwenye tarehe. Kwenye krimu sisalimu. Na ragu, ule mchuzi wa nyama ya kusaga? Au nayo mtaniambia ni ya juzi? Ile ilisajiliwa Bologna kwenye chemba ya biashara mwaka 1982, na inaliwa na tagliatelle, zile tambi bapa, kamwe si spageti. Mkienda Bologna msiombe spageti bolognese, nawasihi kama ndugu.

#25 Mpita Njia
Nilikuwa nasubiri mtu aje na nanasi kwenye piza.

#26 Msahihishaji
#25 hiyo, inayoitwa piza ya Hawaii, ilibuniwa Kanada mwaka 1962 na Sam Panopoulos, mhamiaji kutoka Ugiriki. Hawaii na Italia wote hawahusiki.

#27 Mpita Njia
Huyu jamaa analala na makabati ya mafaili.

#28 Jikoni Zamani
Turudi kwa mgonjwa. #1 nina swali dogo. Zile dakika 20 mlizosimama mlangoni, uliona waleta chakula wa pikipiki wangapi wanaingia na kutoka na mifuko?

#29 Mlasakijiko
Dah. Saba. Au nane. Mmoja alinipiga na boksi lake kiunoni. Hata sikuwaza.

#30 Jikoni Zamani
Basi mgonjwa wako anaweza kuwa huyo. Ukumbi wa watu 60 unajipima wenyewe: viti vikijaa, vimejaa. Oda za simu hazina viti. Zinaingia jikoni kwa mashine, 15 kwa mkupuo, na kila moja ina saa inayohesabu, ikichelewa mgahawa unapewa alama mbaya palepale. Mteja wa mezani hana saa inayoonekana jikoni. Kwa hiyo mpishi anamtoa kwanza yule wa simu.

Zile meza tatu tupu ulizoziona? Huenda waliziacha tupu makusudi. Siku jikoni limezidiwa, mtu mwenye akili anapunguza kasi ya kukalisha watu ukumbini. Nilishafanya hivyo mara nyingi. Unamwambia mteja "meza inafutwa" kwa sababu huwezi kumwambia "tukikukalisha sasa hivi utakaa saa nzima bila mkate".

#31 Meza ya Mtu Mmoja
#30 lakini kwa nini usimwambie hivyohivyo? Mimi ningesubiri kwa moyo mweupe.

#32 Jikoni Zamani
Wewe ungesubiri. Wengine kumi wangeondoka. Ila nakubali, uongo mdogo wa mlangoni ndio uliomwandaa huyu bwana kukasirikia kila kilichofuata.

#33 Mama Basil
Yote hayo mwenye mali makini angeyazuia. Anazima oda za simu Jumamosi usiku, basi. Asiyezima ni mpya na ana deni la kununulia mgahawa. Bado niko palepale.

#34 Kijana wa Zamu
Nasoma kimyakimya tangu jana, ngoja niseme. Mimi ni mhudumu, si pale, kwingine. Naomba niwaoneshe upande wa pili.

Jumamosi kwetu nabeba meza 11 peke yangu. Zamani zilikuwa sita, wenzetu waliondoka mgahawa ulipofungwa wakati wa korona, na wengi hawakurudi kwenye kazi hii. Waliobaki wapya tunafundishwa siku mbili, menyu hatujaionja. Nikiulizwa carbonara ina krimu au haina, ninachojua ni kwamba sahani imetoka dirishani na jina hilo. "Ndivyo ilivyo" ni jibu la mtu asiyejua na anayeogopa kurudi jikoni kugombezwa. Sisemi ni sawa.

Na ile asilimia 10, muulizeni meneja inaenda wapi. Kwetu siioni. Unafikiri unaniadhibu kwa kukataa kuacha bakshishi, kumbe nilishaadhibiwa tangu saa kumi jioni.

Kutokumtambua mteja wa miaka sita: kaka, mimi nina miezi mitatu. Ningekutambuaje?

#35 Mlasakijiko
#34 hilo la mwisho limenigusa. Samahani ndugu.

#36 Chumvi Kidogo
Neno "samahani" limepatikana, ila mdomoni mwa mteja.

#37 Shahidi wa Takwimu
Hahahaha #36.

#38 Nyota Tano
Nimechelewa kuingia. Tatizo ni kula kwenye migahawa isiyo na viwango. Mimi nakwenda penye nyota ya Michelin tu, ule mwongozo unaopima migahawa, kule huduma ni sehemu ya nyota, hupati upuuzi huu.

#39 Msahihishaji
#38 hapana. Nyota inatolewa kwa chakula kilichomo kwenye sahani. Ukumbi, vyombo na huduma havihesabiki kwenye nyota. Kwa mandhari na starehe miaka mingi walikuwa na alama nyingine kabisa, ile ya uma na kijiko. Unaweza kupata nyota na mhudumu mwenye kisirani.

#40 Nyota Tano
Sikujua. Asante, ingawa umenidhalilisha.

#41 Bwana Pole Pole
Kwangu ilinitokea kinyume, na sijui mtaiweka kwenye fungu gani. Tulikuwa wateja wa mgahawa wa Kiitaliano kwa muda mrefu hadi tukazoeana na kila mtu. Matokeo yake huduma ikashuka KWA SABABU wametuzoea. "Hawa ni wa nyumbani, watasubiri." Mgeni aliyeingia baada yetu anahudumiwa kwanza ili asikimbie, sisi tunapungiwa mkono kutoka mbali. Mara moja mwenye mgahawa aliniomba nihame meza yangu, chakula kimeshafika, kumpisha mtu anayepiga picha za kuweka mitandaoni. Nilihama! Mke wangu hajanisamehe.

Kwa hiyo kutotambuliwa si lazima iwe hasara.

#42 Meza ya Mtu Mmoja
#41 ulihama na sahani mkononi??

#43 Bwana Pole Pole
Na glasi. Safari mbili.

#44 Mpita Njia
Uzi wa mwaka huu.

#45 Mama Basil
Mleta uzi, menyu uliangalia? Ni ndefu kuliko zamani?

#46 Mlasakijiko
Ilikuwa kurasa mbili, sasa ni nne. Wameongeza baga.

#47 Mama Basil
BAGA. Kwenye mgahawa wa Kiitaliano. Sina la kuongeza.

#48 Jikoni Zamani
Baga inasafiri vizuri kwenye boksi la pikipiki kuliko carbonara. Nami sina la kuongeza.

#49 Mlasakijiko
Wakuu, mrejesho baada ya wiki mbili.

Nimerudi, peke yangu, Jumatano mchana. Shati la kola, #16 asinicheke. Ukumbi una watu kama tisa. Akanipokea yule mzee wa zamani ambaye nilidhani ameacha kazi. "Mbona umetupotea?" Nusura nimkumbatie. Carbonara ikaja baada ya dakika 12, haina krimu hata tone, tambi bado zina ubishi kidogo kwenye jino kama inavyotakiwa. Nikamsimulia ya Jumamosi ile. Akasikiliza, akasema, "Jumamosi mimi sipo siku hizi," akaenda zake kufuata kahawa. Kwa nini hayupo hakusema, nami sikuuliza. Kwenye bili asilimia 10 haikuwemo.

#50 Shahidi wa Takwimu
Siku nzuri. Nilisema wapi mimi?

#51 Mama Basil
Mzee kaondolewa Jumamosi ili wawekwe vijana wa bei rahisi. Nani anafanya hivyo kama si mwenye mali mpya? Ungemuuliza!

#52 Jikoni Zamani
Mchana wa Jumatano pikipiki ngapi?

#53 Mlasakijiko
Moja. Na dereva alikuwa anakula.

#54 Kijana wa Zamu
Msalimie huyo mzee. Jumamosi bila mtu kama yeye sisi wapya tunakufa.

#55 Meza ya Mtu Mmoja
Shati la kola nimeliona. Ulikaa wapi?

#56 Mlasakijiko
Palepale karibu na choo. Alinipa ya dirishani nikakataa. Pale ndipo unapouona mlango wa jikoni.